Karibu Chakula: Siku Niliyokwenda Kutafuta Kazi Duka la Leso

Haya, tulieni. Tangu nishuke Voi jana usiku sijapata nafasi hata ya kuvua viatu. Mmoja ananiuliza kama ni kweli nilifukuzwa nyumba ya harusi, mwingine kasikia nilidandia lori la makontena, na Mghoi anaapa kwamba nilikula samaki wa tajiri mbele ya macho ya huyo tajiri mwenyewe. Simu yangu ilikuwa imezima siku nzima, basi kila mtu kajitungia habari anazozipenda. Nitaeleza yote mara moja, halafu mniache nilale.

Mnajua nilikuwa natafuta nini. Form Four tumemaliza, matokeo tumeyaona, na kabla ya chuo kufunguliwa kuna miezi ya kukaa tu tukitazamana. Mama alinipa njia mbili. Ya kwanza ni Bi Shamsa, mwenye duka la leso, yaani kanga, Biashara Street kule Mombasa, ambaye kila mwaka huchukua kijana mmoja aliyemaliza shule. Ya pili ni mjomba Mwangeka na mashine yake ya kusaga unga. Mnamjua mjomba, na ile mashine mnaijua. Mwaka jana nilimsaidia wiki moja, nikawa napiga chafya nyeupe mpaka kanisani. Mama alisema nikikosa kwa Bi Shamsa, Jumatatu naanza kwa mjomba, na hakuwa anatania.

Kwa hiyo niliitaka Biashara Street kwa roho yangu yote. Mambo ya tiketi na barua ya mwalimu mkuu nayaruka, hayana utamu wowote.

Voi hadi Mariakani, basi lilipokunywa maji yetu

Basi liliondoka vizuri, na mimi nikaanza kupiga video za kila kitu: mikonge, tembo mmoja wa mbali ambaye baadaye niligundua ni jiwe, uso wangu, kiti cha mbele, uso wangu tena. Ndiyo sababu chaji iliisha. Msimlaumu mtu wa kampuni ya simu.

Karibu na Mariakani rejeta ikachemka. Dereva akasimamisha basi kando ya barabara na kondakta akapita katikati akiomba maji ya kunywa ya abiria, kwa sauti ya mtu anayekusanya sadaka. Watu wakatoa chupa zao huku wakinung'unika. Mimi sikuwa na maji, nikatoa juisi ya embe. Kondakta akaitazama ile chupa, akanitazama mimi, akasema, "Dada, hili ni basi, si mgeni."

Tukashuka, tukakaa kivulini. Mama mmoja wa makamo, Mgiriama aliyekuwa akirudi kazini kwake Mombasa, akafungua mkoba wake na kutoa mahamri na mbaazi za nazi kwenye bakuli la plastiki. Akaniona namwangalia. "Karibu mahamri, mwanangu," akasema.

Hapa lazima niwakumbushe kuhusu nyanya yangu wa Mgange. Nyanya alitulea kwa sheria moja kubwa: mtu akikukaribisha chakula, unakula. Ukikataa umemwambia chungu chake kichafu, au umemwambia ni mchawi, na yote mawili hayasameheki. Wengi wenu mmelelewa hivyohivyo, msijifanye. Basi nilikaribia, nikala. Hamri la kwanza yule mama alitabasamu. La tatu alianza kulishika bakuli kwa mikono miwili. Nikamshukuru kwa moyo mweupe, nikidhani nimemfurahisha sana.

Kibarani, kwa miguu kisha kwa lori

Rejeta ilipotosheka tukaendelea, mpaka tukafika Kibarani, pale bahari inapoanza kuonekana na Kisiwa cha Mombasa kinakuita upande wa pili. Barabara ilikuwa imefungwa na malori ya kwenda bandarini Kilindini, mstari usio na mwisho. Tulikaa mpaka abiria wakaanza kushuka na kutembea. Mimi nikawaza, Wakesho, Bi Shamsa alisema ufike kabla ya adhuhuri, na jua hilo lishapanda. Nikachukua begi langu nikashuka pia.

Nilitembea vizuri kwa muda mfupi sana. Halafu pua yangu ikanisimamisha. Kando ya lori moja, dereva na utingo wake walikuwa wamewasha jiko dogo kwenye kivuli cha gurudumu, na kwenye kifuniko kulikuwa na ugali, na kando yake sufuria ya dagaa waliokaangwa kwa nyanya na pilipili. Dereva, mzee mwenye kofia ya sufu jua lote lile, aliniona napita.

"Karibu chakula, dada!"

Mnajua nilichofanya.

Utingo akasogea. Dereva akacheka kidogo, akaniuliza natoka wapi, nikamwambia Voi, akasema "Aaa," kama kwamba sasa kila kitu kimeeleweka. Nilikuwa na tonge mkononi foleni ilipofunguka ghafla. Honi zikalia kutoka Changamwe hadi mbinguni. Basi langu lenyewe likanipita, na kondakta akatoa kichwa dirishani akanipungia mkono kwa furaha kubwa.

"Panda!" dereva akapiga kelele. "Panda, usimwage!"

Hivyo ndivyo nilivyoingia kisiwani: juu kabisa ndani ya lori la makontena, sufuria ya dagaa mapajani, utingo akishikilia jiko nje ya dirisha ili moshi usituue. Tulipita Makupa nikiwa nacheka peke yangu. Kulikuwa na upepo, maji yalimetameta pande zote mbili, na nilikuwa na miaka kumi na minane na sufuria isiyokuwa yangu. Dereva aliniteremsha kabla hajakata kona ya kwenda Kilindini. Alipochukua sufuria yake na kuikuta tupu, alinitakia kila la heri kwa heshima.

Biashara Street na sinia la Bi Shamsa

Tuktuk ikanifikisha. Kama hamjawahi kuiona Biashara Street, sijui niwaelezeje. Leso zimening'inia milangoni kutoka juu hadi chini, nyekundu, njano, nyeusi, mpaka unapita katikati yake ukizisukuma usoni. Niliuliza duka la Bi Shamsa kwa watu kadhaa, na kila mmoja kwanza aliniuliza hali yangu, ya wazazi wangu na ya safari. Kwetu mtu angeshanyoosha kidole na kuendelea na shughuli zake. Nilifika adhuhuri imekwisha kuadhiniwa na kuswaliwa.

Bi Shamsa ni mama mpana, miwani yake imefungwa mnyororo wa dhahabu, na sauti yake ni ya chini kiasi kwamba unalazimika kuinama ili umsikie. Alikuwa ameketi mkekani nyuma ya kaunta pamoja na Omari, kijana anayemsaidia dukani. Kati yao palikuwa na sinia la wali wa nazi, na juu yake samaki wa kupaka mzima, rangi ya machungwa iliyoiva, mafuta bado yanachemka pembeni.

"Shikamoo, Bi Shamsa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mamako hajambo? Nduguzo? Voi mvua yanyesha?" Nikajibu yote. Akaonyesha sinia kwa mkono. "Karibu, twala."

Nilinawa, nikaketi, nikala. Nilikuwa nimeshiba tangu Mariakani, lakini nilimfikiria nyanya, na pia, niseme ukweli, nilimfikiria yule samaki. Kulikuwa na kipande cha tumboni, laini, kilichowekwa peke yake upande wa Bi Shamsa. Mimi nikadhani kimewekewa mgeni. Omari alifumba macho nilipokichukua. Bi Shamsa alikunywa maji, polepole, glasi nzima.

Alipokwenda kunawa, Omari alinivuta nyuma ya majora ya leso.

"Dada, wajua ulilofanya?"

"Nimekula."

"Ndiyo! Umekula!" Alikuwa hajui acheke au alie. "Hapa kwetu mtu akiwa yuwala na wewe wapita, lazima akukaribishe. Ni adabu. Na wewe wamjibu 'starehe', wapita. Hiyo pia ni adabu. Mtu haketi!"

"Na kama nina njaa?"

"Waenda kununua viazi karai."

Jamani. Niliona sura zote zikipita mbele yangu, yule mama wa mahamri, yule dereva wa watu, sasa huyu. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa sijui ningeingiaje na tumbo lile. Kazi yangu nilikuwa nimeila pamoja na tumbo la samaki, na mjomba Mwangeka nilimsikia akinichagulia koleo.

Lakini Bi Shamsa aliporudi alivuta furushi kubwa lililofungwa kwa kitambaa. "Nitakujaribu leo hii hii," akasema. "Hizi ni leso za sare, za nyumba ya harusi Mji wa Kale. Leo ni siku ya hina. Hazijakatwa wala kupindwa, wenyewe wangoja na cherehani. Peka kwa Bi Maryam. Ukirudi na salamu, kazi ni yako. Ukirudi na maneno, Voi si mbali."

Mji wa Kale, nilipojifanya mstaarabu

Omari alinisindikiza mpaka mwanzo wa vichochoro, na njiani akanipa habari iliyonitia jasho. Bi Shamsa na Bi Maryam walikuwa masomo, marafiki wa chanda na pete, tangu chuo cha Kurani, wale wa kushirikiana kila kitu, mpaka wakagombana kwenye harusi moja kuhusu nani aketi karibu na bibi harusi wakati wa kupigwa picha. Picha! Tangu hapo hawajaingiliana nyumba. Sasa Bi Maryam anamwoza mjukuu wake, na leso angeweza kununua duka lolote la mtaa ule, lakini aliagiza kwa Bi Shamsa. Hakupiga simu, aliagiza tu.

"Hizo leso ni salamu," Omari akasema. "Zibebe vizuri."

Nilizibeba kichwani kwa adabu zote. Vichochoro vya Mji wa Kale vimebanana mpaka furushi langu likawa linasalimiana na kuta za pande zote mbili. Kila baraza niliyopita palikuwa na mtu anakunywa kahawa au anakula kaimati, na kila mmoja alisema karibu, na mimi nikajibu "Starehe!" Mara ya kwanza kwa woga, ya pili vizuri zaidi, ya tatu kwa mbwembwe. Wakatabasamu, wakaitikia kwa kichwa. Nilijiona mzaliwa wa huko. Nilianza hata kutembea taratibu kama wao.

Nyumba ya harusi niliitambua kwa kelele. Nikabisha hodi, nikaingizwa uani, na kumbe wanawake wa ukoo mzima walikuwa mle: bibi harusi kanyoosha miguu na mikono akipakwa hina, wasichana na mikasi tayari, fundi kwenye cherehani, na katikati ya mkeka masinia ya biriani yanafuka. Furushi langu lilipokelewa kwa vigelegele. Bi Maryam mwenyewe, mwembamba, mrefu, buibui limetupwa begani, akanishika mkono akinivuta kwenye masinia.

"Ndoo, mwanangu. Keti kitako, ule."

Nikajivuta nikasimama wima. Hii ndiyo ilikuwa nafasi yangu.

"Starehe!" nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni.

Cherehani ikanyamaza.

"Wasemaje?" Bi Maryam akauliza.

"Starehe, Bi Maryam. Endeleeni."

"Nyumba ya harusi, siku ya hina, nakukaribisha kwa mkono wangu, nawe waniambia starehe?" Akaniachia mkono. "Ni Shamsa alokufunda haya?"

Na mimi, jamani, nilitabasamu. Nilidhani anasifu malezi. "Ndiyo," nikasema kwa fahari. "Nimefundishwa dukani."

Sijawahi kuona uso ukifungwa vile. "Basi mrudishie leso zake," akasema. "Mwambie nimefahamu." Mtu akanibandika furushi kichwani, mwingine akatoa simu akaanza kumpigia Bi Shamsa palepale, na mlango ukafungwa nyuma yangu.

Mlango uleule, mara ya pili

Niliketi barazani nje nikalia kidogo, kisha nikacheka kidogo, kisha nikalia tena. Msichana wa umri wetu akatoka na ndoo ya maji. Anaitwa Rukia, binamu wa bibi harusi, naye pia amemaliza Form Four. Nikamuuliza nimekosa nini.

"Hukuambiwa?" akasema. "Starehe ni ya njiani, na dukani. Nyumba ya harusi ni mbali, ina desturi yake. Aingiaye hula, hata tonge moja. Asiyekula amesusa. Na ukitoka kwa Bi Shamsa ukasusa, basi ni yeye alosusa."

Kwa hiyo nilikula pote ambapo sikutakiwa, na mahali pamoja tu palipotakiwa ndipo nilipokataa. Nilikaa nikiitafakari akili yangu. Ningeweza kurudi Biashara Street, lakini nilichokuwa nimekibeba kichwani sasa kilikuwa ni maneno, na Bi Shamsa alishaniambia maneno yanaishia wapi. Halafu kulikuwa na wale akina mama wawili. Mmoja alikuwa ameuma meno akatoa salamu baada ya miaka yote ile, na mimi nimezitia mchanga. Hilo liliniuma kuliko mashine ya mjomba, na mjue naichukia mashine ya mjomba.

Nikainuka. Nikagonga.

"Hodi! Nimekuja kula!"

Kisha mtu mmoja ndani akapaliwa kwa kicheko. Mlango ukafunguka, na Bi Maryam akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

Sikumpa nafasi. Nilianza na nyanya yangu wa Mgange na sheria yake, nikaingia mahamri ya Mariakani, dagaa wa Kibarani, sufuria mapajani, utingo na jiko lake dirishani. Nilipofika kwenye tumbo la samaki wa Bi Shamsa, yule fundi alikuwa amelala juu ya cherehani akishika mbavu. "Nililila lote," nikasema, "Bi Shamsa akanywa maji. Ndipo nikafunzwa starehe, na aliyenifunza ni Omari, si yeye, na Omari hakuniambia habari ya harusi. Mimi sijasusa. Tumbo langu limejaa mpaka hapa, lakini nitakula sinia zima ukitaka. Usizirudishe leso, Bi Maryam."

Bi Maryam alijikaza. Nilimwona akijikaza, midomo ikitetemeka. "Shamsa na tumbo la samaki," akasema taratibu. "Tangu utotoni hampi mtu." Kisha akashindwa, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mpeni mahali huyu mtoto! Na leso zikatwe, twachelewa!"

Nililishwa. Bi Maryam mwenyewe alininyofolea nyama na kuniwekea mbele, na kila tonge tumbo langu lilinisihi, Wakesho, tafadhali. Mikasi ikalia, cherehani ikaimba, na leso ya kwanza iliyopindwa nikafungwa mimi kiunoni. Mtu akapiga sinia, wakaniinua, wakanifunza kuzungusha nyonga. Niliyumba kama gunia, wakashangilia hilo pia. Sijawahi kufurahi hivyo, nawaambieni, hata siku ya matokeo.

Nilikuwa nimerudi mkekani, tonge mdomoni, wakati kelele zilipokatika zote kwa pamoja.

Bi Shamsa alikuwa amesimama mlangoni. Ile simu ilimfikia, naye alikuja mwenyewe, jasho usoni, miwani imekwenda upande. Aliniona mimi na leso ya sare, wali hadi kifundo cha mkono. Kisha akamwona Bi Maryam. Mguu wake haukuvuka kizingiti.

"Hodi," akasema, kwa ile sauti yake ya chini.

Aliyekuwa akipaka hina aliinua kijiti hewani akangoja.

"Karibu, Shamsa," akasema Bi Maryam. "Twala."

Bi Shamsa alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi. Mdomo wangu ulikuwa umejaa, nisingeweza kusema. Basi nikafanya kitu kimoja tu nilichoweza. Nikasogea. Nikaacha nafasi mkekani, kati yangu na Bi Maryam.

Akavua viatu. Rukia akamletea maji, akanawa, akaketi pale, akachukua tonge dogo na kulitafuna kwa muda mrefu mno.

"Bizari imezidi," akasema.

"Tangu lini wewe ukajua bizari?" akajibu Bi Maryam, na sauti yake ikapasuka katikati, na mkono wake ukalala juu ya goti la mwenzake. Wakaanza kucheka na kulia, wote wawili, wakigombania kitambaa kimoja cha kufutia macho. Bi Maryam akachagua kipande laini kuliko vyote akamwekea Bi Shamsa, kisha akanionya kwa kidole nisikiguse.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana pembeni, macho hayaoni vizuri, ambaye muda wote alikuwa akinigeukia kila niliposema. Akauliza, "Na huyu kijana alotuchekesha, ni wa nani?"

Mimi nikainamisha kichwa. Kuhusu kazi hakuna aliyekuwa amesema lolote, na nilijua niliyoyafanya toka asubuhi.

"Wangu," akasema Bi Maryam. "Si amekula kwangu?"

"Si wako," akasema Bi Shamsa, bila kuinua macho kwenye sinia. "Huyu ni wangu, wa dukani. Jumatatu yuwafungua nami."

Nikapiga kigelegele, wali bado mdomoni.